Kaseja: mfupi aliyedumu golini

Hapa Msasani, Tukuyu, timu ya mtaa ikipangwa, anayesukumwa golini ni mrefu kuliko wenzake. Kwa kipimo hicho kipa Juma Kaseja angeishia kucheza winga. Lakini mwaka 2003, akiwa na miaka 18, ndiye aliyekuwa golini Cairo siku Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika: 1-0 Dar, 0-1 ugenini, kisha penalti 3-2. Septemba 2019, akiwa na miaka 34, akasimama tena kwenye mstari, safari hii na timu ya taifa, Taifa Stars. Burundi walitoka sare ya 1-1 mara mbili, halafu wakang'olewa kwa penalti 3-0. Mwezi mmoja nyuma, Kenya walikuwa wametolewa Kasarani kwa penalti 4-1, Kaseja yuleyule golini.

Hiyo ni miaka 16, na bahati haikai muda wote huo.

Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira wa kasi ya kilomita 100 kwa saa unafika golini ndani ya sekunde 0.4 hivi. Kipa akisubiri auone umeondoka, amechelewa; akiruka mapema, mpigaji anamtazama na kuuweka upande wa pili. Kazi iko katikati ya hapo: magoti yamelegea, uzito uko kwenye vidole, macho yako kwenye mguu ule mpigaji anaousimamia, na kipa haondoki mpaka hatua ya mwisho. Hapo mfupi hana hasara kubwa, kwa sababu penalti nyingi hupigwa chini, naye anafika chini upesi. Hasara yake iko kwenye kona na krosi. Huko anahitaji mabeki warefu na ngumi, hasa kwa mvua zetu za Rungwe, ambapo kuudaka mpira uliolowa ni kujitafutia balaa. Mchezo ukiwa wazi, silaha yake ni kutoka mapema kukata engo, mshambuliaji akiinua kichwa alione goli dogo.

Lakini kuna siku ilimharibikia. Desemba 2013, akiwa Yanga, Simba walishinda 3-1 na lawama nyingi zikamwangukia yeye. Kipa aliyevuka kutoka Msimbazi kwa Simba kwenda Jangwani kwa Yanga hasamehewi upesi, na Kaseja alivuka zaidi ya mara moja. Baadaye alidakia Mbeya City, karibu kabisa na sisi. Watu wa Tukuyu, ambao Tukuyu Stars yao ilitwaa ubingwa wa 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja, si wepesi wa kumsifu mgeni, lakini huyu walimpigia makofi.

Etienne Ndayiragije alipomrudisha Stars mwaka 2019, wapo waliocheka. Walisahau kwamba kocha huyo alikuwa amemfundisha katika klabu ya KMC, akimwona mazoezini kila siku.