Mama wa Udongo

Katika jumba la Victoria and Albert, mjini London, imo sanamu ya udongo uliochomwa motoni, kazi ya Mfaransa Jules Dalou ya mwaka 1873. Sisi tumeiona katika picha tu, wala hatujachoka kuitazama. Ni mama wa shamba wa Ufaransa. Ameketi juu ya kikapu kilichopinduliwa, ananyonyesha mtoto wake, naye amemwinamia. Ukubwa wake ni karibu sawa na mtu mzima.

Mama zetu wafinyanzi watatuelewa upesi. Hata chungu kidogo kisipokauka vema hupasuka motoni. Basi sanamu kubwa namna hii lazima iwe na uwazi ndani, ikaushwe polepole, ndipo ichomwe. Marimari ni nyeupe na baridi, bali udongo huu una rangi ya mwili wenye damu. Kusema kweli, ni rangi yetu kuliko yao!

Je, ni Bikira Maria? Hapana. Hana taji, hana mwanga kichwani. Tena Dalou alikimbilia London mwaka 1871 kwa kuwa aliitumikia Commune ya Paris, nayo Commune ilimpiga risasi Askofu Mkuu Darboy tarehe 24 Mei mwaka ule ule. Hatusemi kwamba Dalou alishika bunduki hiyo. Kazi aliyopewa ilikuwa kulinda vitu vya jumba la Louvre. Lakini Mkristu anayesitasita mbele ya kazi yake hatumlaumu. Sisi wenyewe tulisitasita.

Baadaye Dalou alichonga mama mwingine anyonyeshaye, aitwaye Mapendo, kwa kisima cha maji karibu na Royal Exchange, London. Yule wa marimari aliharibika, na mwaka 1897 akawekwa wa shaba badala yake. Ufundi upo, lakini yeye ni pambo la mji. Mama wa kikapuni hajui kwamba anatazamwa.

Dalou alikuwa na mtoto mmoja tu, binti yake Georgette, mlemavu wa akili, aliyehitaji kutunzwa maisha yake yote. Tangu tulipojua hayo, tunaitazama ile shingo iliyoinama kwa namna nyingine.

Altareni hatungeiweka. Lakini pale mlangoni, mama wanapongoja na watoto wachanga siku ya ubatizo, picha yake tungeitundika kwa furaha.