Sheria ya Maisha Kumi na Matatu: Hadhira na Mwendelezo wa Hadithi katika Doctor Who

Malalamiko ya watazamaji hayahesabiwi sana katika uhakiki. Mtazamaji anayenung'unika kwamba kipindi cha jana kinapingana na kile cha miaka saba iliyopita huonwa kuwa mtu wa kushika vijambo vidogo na kuliacha jambo lenyewe. Dharau hii haifai, hasa kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, ambao wamezoea kuiona hadhira kuwa mshiriki katika utungaji. Mfululizo wa hadithi za kisayansi uitwao Doctor Who, ulioanza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, unatoa mfano mzuri wa jambo hili, na hasa hadithi yake moja ya mwaka 1976, The Deadly Assassin.

Shujaa wa mfululizo huu ni msafiri anayepita katika wakati na anga, naye huitwa Daktari tu. Mwaka 1966 afya ya William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa nafasi hiyo, ilikuwa imedhoofika. Watayarishaji walimfanya shujaa abadilike mwili mbele ya watazamaji, akainuka Patrick Troughton. Hapana kipindi kilichotangulia ambacho kilikuwa kimesema kwamba Daktari ana uwezo huo. Hata neno la Kiingereza linalolitaja tendo hilo hadi leo halikutumiwa katika hadithi hizi mpaka mwaka 1974. Tendo lilitangulia, sheria ikafuata, na mzazi wa yote mawili alikuwa ni maradhi ya mwigizaji.

Mwaka 1969, katika The War Games, hadithi ya sehemu kumi iliyotungwa na Malcolm Hulke na Terrance Dicks, watazamaji walionyeshwa kwa mara ya kwanza watu wa kabila la Daktari, Mabwana wa Wakati. Walikuwa watu wa kutisha kwa utulivu wao. Walimshika mtoro wao, wakamhukumu, wakambadilisha sura na kumpeleka uhamishoni duniani. Kisha, kuanzia tarehe 30 Oktoba hadi 20 Novemba 1976, ikaonyeshwa The Deadly Assassin iliyotungwa na Robert Holmes. Humo Daktari anarudi kwao, anasingiziwa kumuua Rais, na watazamaji wanaingizwa ndani ya mji mkuu wa Mabwana hao. Wanachokikuta ni wazee wanaolalamikia uzito wa majoho yao, wanasiasa wanaonyemelea cheo, na mtangazaji anayepigapiga domo kuhusu sherehe.

Katika mwaka huohuo wapenzi wa mfululizo huu walikuwa wameunda chama chao nchini Uingereza. Rais wa kwanza wa chama hicho aliishambulia hadithi hii kwa ukali katika jarida la wanachama. Hoja yake ilikuwa kwamba Mabwana wa Wakati wameshushwa hadhi na kufanywa wazee dhaifu, na kwamba yaliyoonyeshwa yanapingana na yaliyojulikana juu yao. Aliuliza uzuri wa kimiujiza wa Doctor Who umekwenda wapi. (Yalikuwako pia malalamiko ya Mary Whitehouse juu ya ukatili, kwa ajili ya picha ya Daktari akizamishwa kichwa majini mwishoni mwa sehemu ya tatu. Hayo yanahusu maadili ya utangazaji, si mwendelezo wa hadithi.)

Yafaa kukumbuka hali ya mtazamaji wa siku zile. Hakuwa na kanda nyumbani ya kurudia aliyoyaona mwaka 1969. BBC yenyewe ilikuwa ikifuta kanda zake, na vipindi vingi vya miaka ya sitini vimepotea kwa njia hiyo. Aliyetaka kuthibitisha jambo alikuwa na kumbukumbu yake, mazungumzo na wenzake, na vitabu vichache vilivyosimulia upya baadhi ya hadithi. Kwa hiyo hadhira ndiyo iliyokuwa ghala ya kuhifadhia. Hapa mtazamaji wa televisheni anakaribiana mno na msikilizaji wa masimulizi. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo hadhira humruhusu msimulizi kuongeza na kupunguza mengi, lakini ni vigumu kukubali Liyongo afe kwa jambo jingine lisilokuwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, wala mchomaji awe mtu asiyekuwa mwanawe. Kuna mambo ambayo hadhira imeyakomea misumari. Mlalamikaji wa 1976 alikuwa akidai kwamba adhama ya Mabwana wa Wakati ni mojawapo ya misumari hiyo.

Dai lake lilikuwa halali, ila aliisoma hadithi upande mmoja. Mwelekezaji wa The Deadly Assassin, David Maloney, ndiye aliyeielekeza The War Games. Bernard Horsfall, aliyeigiza mmoja wa Mabwana wa Wakati mwaka 1969, ndiye aliyerudi mwaka 1976 kuwa Chansela Goth, msaliti. Ni vigumu kudai kwamba watu hawa walikuwa wamesahau. Zaidi ya hayo, hadithi yenyewe inazungumzia namna kumbukumbu inavyotengenezwa. Baada ya Goth kufa akiwa na hatia, Borusa anaamuru habari irekebishwe, ili wananchi waambiwe kwamba alikufa shujaa. Watawala hawahawa wana vitu vya kale vya mwasisi wao, Rassilon, wanavivaa na kuvibeba katika sherehe, wala hawajui vilikuwa vya kazi gani. Dola ya namna hiyo huonekana tukufu kwa mtuhumiwa aliyesimamishwa kizimbani, na huonekana chakavu kwa aliyeingia jikoni. Tofauti kati ya 1969 na 1976 ni tofauti ya mahali aliposimama mtazamaji. Holmes hakuvunja mwendelezo kwa uzembe. Alilifanya suala la mwendelezo kuwa maudhui yake.

Lakini lililo zito zaidi limo katika sentensi moja ambayo haikuzusha kelele siku hizo. Holmes alihitaji sababu ya kumleta adui wa Daktari, Master, akiwa ameoza mwili. Akamfanya mzee wa kumbukumbu aseme kwamba baada ya kubadilika mara kumi na mbili Bwana wa Wakati hana tena njia ya kuepuka kifo. Yaani maisha kumi na matatu, basi. Ajabu ni kwamba Januari ya mwaka huohuo, katika The Brain of Morbius, hadithi aliyoiandika upya Holmes huyohuyo, zilionyeshwa sura za watu zilizoelekea kuwa Daktari kabla ya yule wa kwanza. Mambo haya mawili hayakai pamoja kwa urahisi. Hadhira ikachagua. Sentensi ikashikwa kama sheria, na zile sura zikatafutiwa maelezo: wengine wakashikilia kwamba zilikuwa za Morbius mwenyewe. Hadithi iliyoshutumiwa kwa kuvunja kanuni ikawa chimbuko la kanuni, na leo huhesabiwa miongoni mwa hadithi bora za mfululizo mzima.

Deni la sentensi hiyo lilimfikia Steven Moffat. Tarehe 25 Desemba 2013, katika The Time of the Doctor, ilimpasa ahesabu maisha yote, akaonyesha kwamba yamekwisha, na kuwafanya Mabwana wa Wakati wampe Daktari mengine. Kisha tarehe 1 Machi 2020 ikaonyeshwa The Timeless Children ya Chris Chibnall. Humo inasemwa kwamba Daktari alikuwa mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana atokako, mwenye uwezo wa kubadilika bila kikomo. Uwezo huo ulichukuliwa kwake wakapewa Mabwana wa Wakati, nao wakauwekea mpaka wa mara kumi na mbili. Sura za 1976 zikarudishwa. Watazamaji waligawanyika vibaya, na waliokasirika walitetea, pamoja na mengine, sheria iliyozaliwa katika kipindi kilichowakasirisha watangulizi wao.

Hasira yao haikukosa msingi. Daktari wa 1969 ni raia wa kawaida aliyechoshwa na watu wake akaondoka kwa hiari. Wa 2020 ni wa pekee tangu kuonekana kwake, na uasi wake unapungua thamani. Hata hivyo dhana ya dola iliyojijenga kwa kumnyonya mtoto mgeni na kuifuta habari yake inaafikiana vizuri na Borusa wa Holmes. Kasoro kubwa imo katika fani. Holmes alimfanya mtazamaji auone uchakavu kwa macho yake. Chibnall amemsimamisha Master ayasimulie mambo hayo kwa muda mrefu, huku Daktari akiwa ameshikwa, akisikiliza. Ufunuo mkubwa kuliko yote katika mfululizo huo unampata shujaa akiwa hana la kutenda.

Russell T Davies aliporudi kuuongoza mfululizo huo mwaka 2023 hakulifuta jambo hilo. Katika Wild Blue Yonder, iliyoonyeshwa tarehe 2 Desemba mwaka huo, Daktari anakiri kwa maneno machache kwamba hajui alikotoka, na David Tennant anayaigiza maneno hayo kama mtu aliyeguswa kidonda.