Mahasimu Wawili Ndani ya Fuwele Moja

Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba huko Tanganyika, alipoona mwaka 1963 ya kuwa maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyatia jokofuni yangali ya moto, yaliganda mapema kuliko ya mwenziwe yaliyokwisha kupoa, mwalimu wake alimkebehi. Na hata leo wataalamu hawajaafikiana juu ya jambo lile, ila limewazoeza kukitazama kitu kingali njiani, kabla hakijafikia msawazo wake.

Katika utazamaji huo wa vitu vingali njiani, kazi iliyonivutia mno ni ile iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, iliyofanywa kwa leza ya eksirei ya maabara ya SLAC, California, juu ya fuwele ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo ikipozwa vya kutosha hupitisha umeme pasi na ukinzani wowote. Ndani yake mna mahasimu wawili wanaogombea elektroni zile zile: upitishaji mkuu huo, ambamo elektroni hutembea jozi jozi, na wimbi la chaji, ambamo elektroni hujipanga safu kwa safu, hapa zikisongamana, pale zikipungua. Uhasama ulidhihirika mwaka 2012, vipimo vilipoonyesha ya kuwa wimbi huzidi nguvu kadiri fuwele inavyopozwa, hata ukinzani unapotoweka ndipo nalo hurudi nyuma. Lakini hivyo vilikuwa vipimo vya kitu kilichotulia, visivyoweza kueleza ugomvi wenyewe waendaje.

Hila iliyotumika ni hii: mmweko wa leza ya infraredi uliuvunja upitishaji mkuu mara moja, kisha, baada ya muda uliopimwa barabara, ukafuata mmweko wa eksirei wenye nishati iliyochaguliwa ilingane na ile inayofyonzwa na atomi za shaba, na kila mara ucheleweshaji ukabadilishwa kidogo. Watafiti hawakupiga picha, kwa hakika. Walipima upana wa doa la eksirei zilizotawanyika, kwani doa likiwa jembamba, safu zimenyooka kwa masafa marefu zaidi.

Lau athari ya leza ingalikuwa kulipasha wimbi joto tu, lingalidhoofika. Kumbe katika muda wa takribani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, masafa hayo yalikaribia kuwa maradufu! Msomaji wa Mombasa na afikirie zefe mbili zilizobanana katika Ndia Kuu: moja ikiingia kichochoroni ghafla, linaloonekana kwanza katika ile iliyosalia si wingi wa watu, bali ni kunyooka kwa safu. Waandishi wanasema, kwa tahadhari inayostahiki, ya kuwa hayo yanaafikiana na rai kwamba upitishaji mkuu ndio hasa uliokuwa ukizidumisha kasoro za safu, yaani mahali wimbi linapokatika na kuanza upya kwa hatua nyingine. Kwangu mimi uzito wa kazi umo humo, kwani kuipasha fuwele joto taratibu kusingalitosha kulibainisha hilo, maadamu joto lile lile la kumwondoa hasimu wa kwanza lingalimdhoofisha na wa pili, na athari mbili zikachanganyika katika kipimo kimoja.