Dakika Saba za Tunguu

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Nusu saa hivi kabla ya adhana ya magharibi, uji ukiwa jikoni na tende zikiwa zimeshapangwa, Mmarekani mmoja aliyefungwa mikanda ndani ya chombo kidogo cha chuma alikatiza anga la Afrika Mashariki kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Alikuwa John Glenn, ndani ya Friendship 7. Kijijini Tunguu, nje kidogo ya mji wa Unguja, kikundi cha watu wenye vipokea sauti masikioni kilikuwa kinamsubiri.

Watu wengi wakisikia "kituo cha kufuatilia vyombo vya angani" hufikiria rada inayozunguka, ikikikodolea macho chombo kisipotee. Tunguu haikuwa na rada. Kano, Nigeria, iliyokuwa nyuma yake kwenye njia ya chombo, nayo haikuwa nayo. Chombo kikishatoka kwenye rada ya visiwa vya Canary, hakikuonwa na rada nyingine ya mtandao huo mpaka Muchea, magharibi mwa Australia. Afrika nzima na Bahari ya Hindi nzima kilipita bila kutazamwa. Hilo halikuwa pengo lililosahauliwa. Hesabu ndizo zilizoruhusu.

Chombo kikishaingia kwenye mzingo, njia yake inatabirika. Ukikipima vizuri mara chache, kompyuta itakuambia kitakuwa wapi baada ya dakika kumi, na baada ya saa nzima. Kazi hiyo ilifanywa na kompyuta mbili aina ya IBM 7090 katika kituo cha Goddard, Maryland, zikilishwa vipimo vya rada chache zilizotawanyika duniani. Kisichotabirika ni kilichomo ndani: hewa ya mwanaanga, moyo wake, joto la mitambo, mafuta ya kugeuzia chombo. Kwa hayo hakuna fomula. Lazima uulize, na ili uulize lazima uwe karibu.

Ukaribu huo ndio uliokuwa na taabu. Glenn aliruka kati ya kilomita 161 na 265 juu ya ardhi. Chukua kilomita 200. Kwa sababu dunia ni mviringo, mtu aliye chini anaweza kusikia redio ya chombo cha kimo hicho kikiwa kiasi cha kilomita 1,600 kutoka alipo. Zaidi ya hapo kimezama chini ya upeo. Kikipita juu kabisa ya kichwa chako, utakuwa nacho kwa kilomita 3,200 hivi. Kwa mwendo wa kilomita karibu 8 kila sekunde, hazifiki dakika saba. Kikipita kando, ni pungufu ya hapo.

Basi NASA ikaizungushia dunia mkufu wa vituo 18 hivi, viwili vikiwa meli, moja Atlantiki na nyingine Bahari ya Hindi. Mahali pa kila kituo palichaguliwa na mzingo wenyewe. Roketi iliyoruka kutoka Florida kuelekea mashariki ililaza njia yake kati ya nyuzi 32.5 kaskazini na 32.5 kusini mwa ikweta, na mzunguko wa kwanza uliikata Afrika kwa mshazari: Canary, Kano, kisha Zanzibar, ndipo baharini. Kutoka Kano hadi Unguja ni kiasi cha kilomita 3,900, hivyo sikio moja lilipomwachia Glenn, lingine lilimdaka baada ya dakika moja au mbili tu.

Mzunguko uliofuata mambo yalibadilika. Chombo kilihitaji kama dakika 88 kuizunguka dunia, na muda huo dunia nayo ilikuwa imejigeuza nyuzi 22 hivi. Njia ikasogea kilomita 2,400 na ushei kuelekea magharibi, mpaka upande wa Kongo na Angola. Ndiyo sababu kituo kilichokuwa katikati ya njia kwenye mzunguko mmoja kinaweza kuwa pembeni kabisa kwenye unaofuata.

Ndani ya kituo walikuwepo watu watatu wenye uzito: anayezungumza na mwanaanga, anayesoma mitambo ya chombo, na daktari. Vipimo vilishuka kwa redio, vikayumbisha mishale ya mita na kalamu zilizochora mistari kwenye karatasi inayotembea. Lakini mistari hiyo haikuweza kupelekwa Marekani papo kwa papo. Kilichokwenda ni muhtasari wa teleprinta, maneno 60 kwa dakika. Ujumbe ukiisha kuandikwa na kusomwa kwenye kituo cha uongozi, Cape Canaveral, chombo kilishakuwa mbali baharini. Kwa hiyo watu wa Tunguu hawakuwa waya wa kupitishia habari tu. Walipaswa kusoma, kuelewa na kutoa kauli yao ndani ya dakika hizo hizo.

Juu ya Zanzibar zamu ilikuwa ya daktari. Wakati huo palikuwa na hofu ya kweli kwamba mwili usio na uzito ungechanganyikiwa. Glenn akavuta kamba ya mpira kwa nusu dakika, mvuto mmoja kila sekunde. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124, na baada ya dakika mbili hivi yalishateremka hadi 84. Moyo ulikuwa unafanya kazi kama wa mtu aliyepanda ngazi.

Mkufu huo ulipimwa hasa kwenye mzunguko wa pili. Mtambo mmoja Cape Canaveral ulionyesha kwamba ngao ya joto ya chombo huenda imelegea. Vituo vikaagizwa kuiangalia ishara hiyo, na Glenn akaanza kuulizwa swali lile lile kila alikopita: swichi ya mfuko wa kutulia majini iko wapi? Mwanzoni hakuambiwa sababu. Naona hapo wakubwa walikosea, maana mtu anayeulizwa jambo moja na watu wa pande mbalimbali za dunia hahitaji kuambiwa kwamba kuna tatizo. Juu ya California akaambiwa asizitupe roketi za breki zilizofungwa mbele ya ngao. Texas wakamwambia aingie nazo angahewani, zisaidie kuishikilia. Aliziona zikiungua vipande vipande dirishani. Ngao ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni kihisio.

Wasovieti walikwenda kwa njia nyingine. Hawakuwa na mkufu wa vituo nchi za watu. Gagarin aliporuka tarehe 12 Aprili 1961, waliweka meli tatu, Dolinsk, Krasnodar na Ilichevsk, upande wa Atlantiki na Ghuba ya Guinea, kupokea vipimo wakati injini ya breki ikiwashwa karibu na pwani ya Afrika. Meli haiombi kibali kwa mtu.

Marekani ilihitaji kibali, na kwa Zanzibar kilitolewa na Uingereza, mwaka 1960. Chama cha Hizbu kiliandamana kupinga "kambi ya roketi". Ukitazama vifaa, madai hayo yanachekesha: pale hapakuwa na roketi, hata rada haikuwepo. Lakini hofu haikutoka hewani. Atlas, roketi iliyomrusha Glenn, iliundwa kwanza kuwa kombora la kubebea bomu la nyuklia, na wenye kisiwa hawakuwa wao waliotia saini.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliikuta Tunguu bado ikifanya kazi. Siku iliyofuata Wamarekani wa kituo walipakiwa kwenye manowari USS Manley. Serikali mpya ya Rais Karume ikataka kituo kiondoke, na mwaka huo huo kikafungwa. Lakini njia ya angani haikuhama. Chombo kikitoka Kano bado kilikata pwani yetu kuelekea kusini-mashariki. Sikio jipya likawekwa mbele zaidi kwenye mstari ule ule, Madagaska, karibu na Tananarive.