Kuta za Yeriko na jembe la mchimbaji

John Garstang, Mwingereza aliyechimba Yeriko kati ya 1930 na 1936, alitangaza kwamba amezipata kuta zilizoanguka mbele ya Yoshua. Mwaka 1940 akatoa kitabu, The Story of Jericho. Tunaielewa furaha ya muumini aliyekisoma. Ila Garstang, kwa maoni yetu, aliharakisha. Kathleen Kenyon alipochimba tena hapo, 1952 hadi 1958, alionyesha kuwa kuta zile zilianguka karne nyingi kabla ya wakati wa Yoshua. Aliyeitundika imani yake kwenye tarehe za Garstang alibaki na nini?

Wanaosema yote ni hadithi tupu nao wamepitiliza, maana jiwe la ushindi la Farao Merneptah, la mwaka 1208 K.K. hivi, linawataja Israeli huko Kanaani.

Mwandishi wa Yoshua mwenyewe hakukaa sana kwenye matofali. Kuanguka kwa ukuta amekusimulia katika mstari mmoja tu, 6:20. Rahabu, mwanamke kahaba na mgeni, amempa sura ya pili nzima, na mji ulipokwisha kuteketea tunamkuta hai, amekaa kati ya Israeli pamoja na jamaa zake.