Rio Haikuwa Sababu ya Kumwondoa Ayimba

Kila mashindano ya Dala Sevens yanapowaleta wapenzi wa raga Kisumu, jina la Benjamin Ayimba hurudi midomoni, na mjadala huishia palepale: mwaka wa 2016. Shirikisho la Raga Kenya (KRU) liliachana na kocha aliyekuwa ameipa Kenya taji lake la kwanza katika Msururu wa Raga za Dunia, na mwaka wenyewe wa taji hilo haukuwa umekwisha. Uamuzi ule ulikuwa mbovu siku ulipotolewa. Misimu iliyofuata imezidi kuuanika.

Waliotazama Singapore hawahitaji kusimuliwa. Aprili 17, 2016, Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, waliitoa Ufaransa 28-7 katika robo fainali, wakaponea kwa Argentina 15-12, kisha wakaipiga Fiji 30-7 katika fainali. Fiji hao walikuwa mabingwa watetezi wa msimu mzima, wakifundishwa na Ben Ryan, na Agosti mwaka uohuo wangetwaa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika raga ya wachezaji saba kwa kuiadhibu Uingereza 43-7.

Ushindi kama ule hauji kwa mbio peke yake. Kenya imekuwa na watu wenye mbio miaka yote, na miaka yote imerudi nyumbani na visingizio. Katika mchezo huu aliyefunga ndiye anayepiga teke la kuanzisha upya, kwa hiyo timu inayoweza kuupokonya mpira wa teke lake yenyewe inaweza kufunga tena kabla mpinzani hajaugusa. Ayimba alilijua hilo vyema, maana alicheza safu ya mbele, mtu wa nambari nane, aliyezoea kuutafuta mpira kwanza na kufikiria mbio baadaye. Watu wake walikuwa warefu, wanaoruka: Humphrey Kayange tangu enzi za kwanza, kisha Oscar Ouma na Willy Ambaka, na nahodha Andrew Amonde akifanya kazi chafu pale chini. Collins Injera alimalizia kwa kufunga. Fiji bila mpira ni watu saba wa kawaida, na kocha aliyetoka Shule ya Maseno alikuwa na njia ya kuwanyima mpira.

Sasa Rio, kwenye Olimpiki hiyo. Matokeo hayatetewi: Kenya ilipoteza mechi zote tatu za kundi, ikamaliza ya 11 kati ya timu 12. Lakini litazamwe kundi lenyewe. Uingereza ilirudi na medali ya fedha. Japan, iliyowashangaza New Zealand 14-12 siku ya kwanza, ilimaliza ya nne. New Zealand ikawa ya tano. Hakuna kundi jingine lililotoa timu tatu ndani ya tano bora. Mchanganuzi anayesoma jedwali bila kusoma kundi anajidanganya, na viongozi wa KRU walilisoma jedwali peke yake.

Tena walikuwa na mfano mbele ya macho yao. New Zealand, waliofika Rio wakitarajiwa kupigania dhahabu, walikuwa na Gordon Tietjens, kocha aliyeishika timu hiyo tangu 1994. Katika miaka 22 alipoteza mashindano mengi, na kila alipopoteza kabla ya Rio alibaki kazini ili atengeneze kilichoharibika. Ndivyo ujuzi unavyolimbikizwa. Kocha anayejua ni teke gani lilienda vibaya, na ni mchezaji gani alichelewa kulifukuzia, ndiye wa kwanza anayepaswa kuachiwa msimu unaofuata. Kenya ilimpa mwingine kazi hiyo: Innocent Simiyu, aliyeshika usukani mwisho wa 2016 na kuanza upya na watu walewale.

Safu hii haina ugomvi na Simiyu. Aliifikisha Kenya fainali mbili mwaka wa 2018, Vancouver na Hong Kong, zote dhidi ya Fiji. Zawadi yake? Mwaka huohuo naye akaondoka. Akafuata Paul Murunga, akafuata Paul Feeney kutoka New Zealand, akarudishwa Simiyu, akaja Damian McGrath kutoka Uingereza. Makocha wanne tofauti, mmoja wao mara mbili, kati ya 2016 na 2023.

Na 2016 haikuwa mara ya kwanza kwa Ayimba kukatizwa. Alipostaafu uchezaji, baada ya kuvaa jezi ya Impala, kuwa nahodha wa Kenya na kucheza raga ya kulipwa na Cornish Pirates nchini Uingereza, alipewa timu ya taifa. Machi 2009 huko Dubai aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia, baada ya kuwafunga Fiji 26-7 katika robo. Argentina ndiyo iliyowazuia, 12-0. Mwaka wa 2011 akaondolewa. Wakapita Mitch Ocholla, Mike Friday, Paul Treu na Felix Ochieng, kisha mlango ukafunguliwa kwake tena 2015, na ndani ya msimu mmoja kombe la Singapore likapatikana. Shirikisho lililokiri kosa la kwanza kwa kumrudisha lililirudia kosa hilo kabla ya miezi kumi na minane.

Wako wanaosema kizazi cha sasa kina vipaji zaidi. Labda kina misuli zaidi. Wachezaji wa Ayimba walijua kwa nini wanasimama walipo, na hilo ni funzo la mtu aliyeanzia kwenye viwanja vya shule kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, ambako nguvu bila mpangilio huadhibiwa mapema. Maseno imetoa wanasiasa wengi wanaotajwa kila siku. Jina la mwanaraga huyu, nje ya siku za Dala Sevens, halitajwi inavyostahili, hata mjini Kisumu.

Ayimba alifariki Mei 21, 2021, akiwa na umri wa miaka 44, baada ya kuugua malaria. Miaka miwili baadaye, Mei 21, 2023, Kenya iliangushwa 12-7 na Canada jijini London na kushuka kutoka Msururu wa Raga za Dunia, kiti ilichokuwa imekikalia kwa miaka mingi. McGrath alikuwa kocha siku hiyo, lakini shimo lile lilianza kuchimbwa mapema zaidi.

Ndipo akaja Kevin Wambua, mchezaji mwingine wa zamani wa taifa. Aliirudisha Kenya daraja la juu kwa mechi za mchujo za Madrid mwaka wa 2024, kisha akaenda Olimpiki ya Paris. Huko Shujaa walipoteza mechi zote tatu za kundi, kama Rio, halafu wakashinda mbili za mwisho na kumaliza wa tisa. Nafasi mbili juu ya Ayimba. Safari hii KRU lilimwachia kocha timu yake, na msimu uliofuata Wambua alikuwa bado kwenye benchi.