Nguvu Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Vipimo vya Mawimbi ya Mawasiliano katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Maandishi ya Kiswahili kuhusu simu, redio na televisheni yamezoea kulitwisha neno moja, nguvu, mizigo mitatu. Wa kwanza ni kile kinachotolewa na mtambo wa kurushia matangazo, ambacho hupimwa kwa wati. Wa pili ni ukubwa wa uga wa umeme unaofika mahali fulani, ambao hupimwa kwa volti kwa mita. Wa tatu ni volteji inayopatikana kwenye kebo ya antena, ambayo hupimwa kwa volti. Yote matatu huitwa "nguvu ya mawimbi". Makala haya yanauhakiki mtindo huo na kudai kwamba kosa la kubadilisha vizio linaweza kuanzia kwenye nomino kabla halijafika kwenye hesabu.

Mtindo huo una watetezi wake. Husemwa kwamba alama kama dBm na dBµV ni za kimataifa, hivyo msamiati wa Kiswahili hauwezi kuziharibu. Hoja hiyo inafaa pale ambapo mhandisi anamsomea mhandisi mwenzake jedwali. Lakini sheria, leseni na makubaliano ya nchi jirani haviandikwi kwa alama tupu. Huandikwa kwa sentensi, na sentensi ikiyumba, alama haina wa kuishika.

2.0 Desibeli na neno "mara"

Desibeli, ambayo jina lake linamuenzi Alexander Graham Bell, haipimi kitu kama mita inavyopima urefu. Ni njia ya kueleza uwiano wa viwango viwili kwa kutumia logi. Wati zikiongezeka mara kumi, ongezeko ni desibeli 10. Zikiongezeka mara mbili, ni takribani desibeli 3. Volteji ikiongezeka mara kumi katika ukinzani uleule, ongezeko ni desibeli 20, kwa sababu wati hufuata kipeo cha pili cha volteji.

Hapa ndipo udhaifu wa istilahi unapodhihirika. Sentensi "nguvu ya mawimbi imeongezeka mara kumi" ni sanifu kabisa kisarufi, lakini haimwambii msomaji kama ongezeko ni desibeli 10 au 20. Tofauti ya majibu hayo mawili, ikigeuzwa kuwa wati, ni mara kumi. Hakuna kikokotoo kinachoweza kuliziba pengo hilo, kwa kuwa kikokotoo hakijui mwandishi alikusudia nguvu ipi.

Aidha, desibeli inapotumiwa kutaja kiwango, sharti itajwe pamoja na rejeo lake. Katika dBm rejeo ni miliwati 1. Kwa hiyo 0 dBm ni miliwati 1 na 30 dBm ni wati 1. Simu inayoonyesha −70 dBm inapokea wati mara mia moja zaidi ya ile inayoonyesha −90 dBm. Anayeandika "desibeli −70" bila rejeo ameandika umbali bila kusema unapimwa kuanzia wapi.

3.0 Funzo la pishi

Kiswahili si kigeni katika suala hili. Vipimo vya jadi vya pwani vinabeba tofauti ileile inayokosekana katika maandishi ya mawasiliano. Vibaba vinne ni pishi moja, iwe ni ya mchele au ya unga. Lakini pishi moja ni kilo ngapi? Swali hilo halijibiki hadi itajwe nafaka, kwani pishi hupima ujazo na kilo hupima uzito.

Kubadilisha dBm kuwa dBW ni kama kibaba na pishi: hutolewa 30, basi. Kubadilisha dBµV kuwa dBm ni kama pishi na kilo. Milivolti 1, yaani 60 dBµV, ni −47 dBm katika mfumo wa omu 50 unaotumika sana kwenye redio za mawasiliano, na takribani −48.8 dBm katika kebo ya televisheni ya omu 75. Ukubwa wa uga unadai zaidi, kwani lazima masafa na aina ya antena vijulikane. Kwa antena inayopokea sawasawa kutoka pande zote, uga uleule ukipokelewa katika megahezi 100 na katika megahezi 900, wati zinazopatikana hutofautiana mara 81, sawa na takribani desibeli 19.

4.0 Athari kwa sera

Mawimbi hayasimami mpakani kugongewa pasipoti. Ndiyo sababu Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 kuhusu utangazaji wa kidijitali, unaoihusu pia Afrika, hutumia ukubwa wa uga katika kuamua ni lini nchi ishauriane na jirani yake.

Chukuliwe mfano wa makubaliano yanayosema tu kwamba "nguvu ya mnururisho isizidi wati 1,000". Upande mmoja ukilinganisha na antena ya dipoli ya nusu wimbi, na mwingine na antena ya kinadharia inayorusha sawasawa pande zote, zimezuka desibeli 2.15. Wati 1,000 za upande wa kwanza ni takribani 1,640 kwa kipimo cha upande wa pili. Kila upande utaamini kuwa umetii, na kila mmoja utakuwa na nakala ya Kiswahili ya kuthibitisha.

5.0 Hitimisho

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Azma hiyo haitimizwi kwa kuswahilisha majina ya vizio pekee. Katika mazungumzo ya kawaida, "nguvu ya mtandao" inatosha na haina haja ya kusahihishwa. Katika maandishi ya kisheria na kiufundi, nguvu ibaki kwa kinachopimwa kwa wati. Ukubwa wa uga na volteji vitajwe kwa majina yao. Kila desibeli ya kiwango iandamane na rejeo lake, na kila ubadilishaji unaovuka aina ya kipimo utaje ukinzani, masafa na antena. Mfasiri asiyeyapata hayo katika matini chanzi ana wajibu wa kuuliza kabla ya kufasiri.